Ngozi Inayowasha Wakati wa Wasiwasi

SWALI: Daktari, kila mitihani inapokaribia, ngozi ya shingo na ya mikunjo ya viwiko huniwasha hadi kupasuka, ingawa sijabadilisha sabuni. Je, mawazo yanaweza kweli kudhuru ngozi?

JIBU: Yanaweza. Sehemu ya juu ya ngozi na mfumo wa neva hutokana na tabaka moja la kiinitete, yaani mimba ikiwa bado changa, na mawasiliano kati yao huendelea maisha yote. Mtu anapolemewa na wasiwasi, ncha za neva zilizomo ngozini hutoa kemikali zinazochochea seli za kinga kumwaga histamini, ambayo huleta mwasho na uvimbe, huku homoni ya kotisoli ikiichelewesha ngozi kujitengeneza na kuiacha ikipoteza maji. Kujikuna huichubua zaidi, na mwasho hurudi ukiwa mkali kuliko awali.

Oga kwa muda mfupi kwa maji ya uvuguvugu, kisha upake mafuta mazito yasiyo na manukato ngozi ingali na unyevunyevu. Kata kucha, na mwasho ukizidi usiku, weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Usingizi wa kutosha ningeutanguliza kabla ya krimu yoyote ya bei ghali inayodai kutuliza neva. Ukiona usaha au majimaji, muone daktari wa ngozi mapema, kwani huenda ni maambukizi.