Mzee hakumbuki kama ameshukuru: arudie dua au aache?

SWALI: Ninatunza wazee hapa London. Mzee ninayemhudumia sasa ni Myahudi anayeshika dini sana, na kumbukumbu zimeanza kumpotea. Akimaliza kula huniuliza, "Nimeshashukuru?" Nikimwambia sijui, siku nyingine huianza upya ile dua ndefu, siku nyingine hunyamaza na kuondoka mezani. Juzi tulikuwa tumeshafika sebuleni, akataka nimrudishe jikoni kwenye kiti kile kile ndipo aombe. Tena kila atokapo chooni hunong'ona maneno. Sheria yao inasemaje, na mimi nimsaidieje?

JIBU: Dada, usidhani kwamba kurudia leo na kunyamaza kesho ni dalili ya kuchanganyikiwa. Kwa maelezo yako, mzee huenda anafuata sheria sawasawa. Angalia alichokula.

Dua ile ndefu, Birkati Hamazoni, husemwa baada ya mkate, na msingi wake ni Torati yenyewe: Kumbukumbu la Torati 8:10 inaagiza kwamba mtu akila akashiba, amshukuru Mungu. Dua nyingine karibu zote za chakula, yaani zinazotangulia kula na zile fupi zinazofuata matunda, chai au wali, ziliwekwa na wahenga wa dini baadaye. Kanuni ni kwamba shaka ikiangukia amri ya Torati, mtu hujifunga. Ikiangukia agizo la wahenga, hulegeza. Kwa hiyo mzee akila mkate hadi akashiba, kisha asijue kama ameshukuru, anairudia dua yote, baraka zake zote nne. Akila tofaa na chai akaingiwa na shaka, harudii. Na akionja kipande tu cha mkate bila kushiba, napo harudii, kwa sababu Torati imesema "kushiba". Kushukuru kwa kipande cha ukubwa wa tunda la zeituni ni nyongeza waliyojitwika Wayahudi wenyewe. Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya wahenga wa Kiyahudi, inaisimulia nyongeza hiyo kwa fahari: malaika wanamuuliza Mungu kwa nini anawapendelea Israeli, naye anajibu, nitaachaje kuwapendelea, ikiwa mimi niliwaambia washukuru wakishiba, nao wanashukuru hata kwa kiasi cha zeituni au yai?

Labda utauliza ubaya wa kushukuru mara mbili uko wapi. Shukrani yenyewe haina ubaya. Ila kila baraka hutaja Jina la Mungu, na kulitaja pasipo sababu kunagusa ile amri ya kutolitaja bure. Mimi naipenda sana sehemu hii ya sheria, maana inamfundisha mtu kuyapima maneno yake hata anapomsifu Mungu. Wala mzee hajafungiwa mlango. Anaweza kushukuru moyoni, au mjukuu anayekula naye akasema baraka yake kwa sauti akimkusudia babu, babu akasikiliza na kuitikia amina.

Kuhusu kiti: aliyekula mkate anapaswa kushukuru pale pale alipokula. Shule mbili za kale, ya Hileli na ya Shamai, zilibishana juu ya mtu aliyesahau akaondoka. Ya Shamai ilisema arudi, ya Hileli ikasema ashukuru pale alipokumbuka. Talmudi inasimulia habari za Raba bar bar Hana, mmoja wa wahenga, aliyekuwa safarini na msafara akala akasahau kushukuru. Aliona kwamba akiwaambia wenzake ukweli, watamjibu Mungu yuko kila mahali, aombe hapo hapo. Basi akawaambia amesahau njiwa wa dhahabu. Akarudi, akashukuru, na kweli akamkuta njiwa wa dhahabu. Mzee wako yuko upande wa njiwa. Hata hivyo, kwa aliyesahau bila kukusudia, wapo wakuu wa sheria wanaomruhusu kuomba alipo, kwa hiyo miguu ikimuuma au njia ikiwa na ngazi, asilazimishwe kurudi. Muda nao una mpaka: anaweza kushukuru maadamu chakula hakijasagika tumboni, na kwa kawaida watu huhesabu dakika 72 tangu kumaliza kula.

Maneno ya chooni yamo pia katika Talmudi, kwa jina la Abaye, mwalimu wa Babeli wa karne ya 4. Yanamshukuru Mungu aliyemuumba mwanadamu kwa hekima, akamwekea matundu na mianya, ambayo mmoja ukifunguka au mmoja ukiziba mtu hawezi kusimama mbele zake. Wewe unayemwogesha na kumpeleka haja unaijua thamani ya maneno hayo kuliko wengi wanaoyasoma. Unapoweza, mpe nafasi anawe mikono na ayamalize kabla hujamuuliza lolote. Akisahau kama ameyasema, harudii, kwa kuwa nayo yaliwekwa na wahenga.

Msaada wako uko hivi. Ukiwa umemsikia akishukuru, mwambie: "Umeshukuru, ulikuwa umeshika kitabu." Mara nyingi mtu akikumbushwa kitu kidogo namna hiyo, kumbukumbu yenyewe hurudi. Kile kitabu kidogo cha dua kiwe kulia kwake anapoanza kula, na akimaliza kushukuru kihamishieni kushoto. Hapo hata usipokuwepo jikoni atajua. Usimpe karatasi ya kuweka alama ya vema, kwa sababu tangu Ijumaa machweo hadi Jumamosi usiku hawezi kuandika. Kitabu kinahamishika hata siku ya Sabato. Na usimwambie "ndiyo" ili tu atulie. Kama hukusikia, sema hukusikia, yeye atajua la kufanya.

Ikitokea kumbukumbu zimezorota hata hajui yuko wapi wala anafanya nini, sheria inamwondolea wajibu huu kabisa. Kuamua hilo si kazi yako wala yangu, ni ya rabi wake. Waombe wanawe wamwite mapema, wakati mzee mwenyewe bado anaweza kuulizwa akajibu.