Kurekebisha Mashine ya Kusukuma ili Ikate Nyasi Ndefu na Nzito

Kila mwaka mvua za masika zinapopungua mwishoni mwa Mei, na tena vuli inapokwisha mwezi Desemba, wenye viwanja jijini Nairobi hukabiliwa na tatizo lile lile: nyasi zimefika magotini, pengine kiunoni, na mashine ndogo ya kusukuma waliyoinunulia bustani inazima kila baada ya hatua chache. Wengi huamua kwamba injini ni dhaifu, wakaanza kutafuta injini kubwa zaidi au fundi wa kuiongezea kasi. Kazi yangu ya kutunza viwanja vya watu, kutoka Kasarani na Ruai hadi Karen, imenifundisha kwamba kasoro huwa mahali pengine. Mashine hizi hushindwa kwa sababu nyasi ndefu hazifiki kwenye kisu zikiwa zimesimama, na zikishakatwa hazina pa kutokea. Ukifungua njia ya kuingilia na njia ya kutokea, injini ile ile itafanya kazi ambayo hukuitarajia.

Ninazungumzia mashine ya petroli yenye kisu kimoja kinachozunguka mlalo chini ya deki, yaani lile gamba la chuma linalokifunika. Ile ya mikono yenye visu vilivyopangwa kuzunguka silinda, ambayo Mwingereza Edwin Budding aliipatia hataza mwaka 1830, ilibuniwa kwa nyasi fupi, na hakuna marekebisho yatakayoifanya ifae hapa. Silinda yake huzilaza nyasi ndefu na kupita juu yake. Ninazungumzia pia nyasi za kikuyu na jamii nyingine zenye mashina laini. Nepia iliyokomaa, ambayo shina lake huwa nene kuliko kidole, ni kazi ya panga, na ni afadhali ipelekwe kwa mwenye ng'ombe kuliko kuharibu mashine.

Kabla ya kugusa spana, tembea kiwanjani. Viwanja vingi vya Nairobi vimepakana na ujenzi au vimewahi kuwa mahali pa ujenzi, na chini ya nyasi utakuta vipande vya nondo, waya wa kufungia nondo, kokoto na misumari. Waya ndio ninaouchukia kuliko vyote, kwa sababu hauonekani na hujizungusha kwenye mhimili wa kisu mpaka injini inanyongwa. Pale ambapo nyasi zimepita magoti, tangulia na fyekeo, uzishushe mpaka kama sentimita 30, kisha uzikokote kwa reki. Hatua hiyo ni ya jasho, lakini ndiyo inayokuonyesha kilicholala chini, na hata mashine iliyorekebishwa vizuri kiasi gani haiwezi kuifanya kwa niaba yako.

Sasa tuitazame deki. Ukingo wake wa mbele hushuka chini kuliko kisu, kwa sababu nzuri kabisa: unazuia mawe yasiruke na unaisaidia hewa kuzivuta nyasi fupi zisimame. Lakini nyasi za sentimita 30 zikigongwa na ukingo huo hulala kuelekea mbele, kisu kinapita juu ya migongo yake, na nyuma ya mashine zinainuka tena, nusu zimekatwa na nusu zimechanwa. Hili ndilo rekebisho lenye faida kubwa kuliko mengine yote: kukata sehemu ya ukingo wa mbele ili nyasi ziingie zikiwa wima.

Fanya hivyo kwa deki ya bati la chuma pekee. Deki ya kumimina ya aloi hupasuka ikikatwa, na ya plastiki haina nguvu ya kubeba kitakachofuata. Ondoa waya wa plagi, toa kisu, mwaga petroli yote, kisha fungua bolti zinazoshikilia injini na uiondoe kabisa kwenye deki. Wapo mafundi wanaopenda kuchomelea injini ikiwa mahali pake ili kuokoa muda. Mkatalie kwa heshima fundi wa namna hiyo, kwa maana mvuke wa petroli na cheche havikai pamoja, na umeme wa kuchomelea ukipitia kwenye injini unaweza kuharibu koili na beringi zake. Vibanda vya jua kali vya Kamukunji na karakana za Kariobangi Light Industries havikosi watu wenye mkono mzuri wa bati jembamba. Mwambie tu fundi, "Ndugu yangu, nataka deki ibaki na nguvu yake," naye ataelewa kwamba hukuja kutoboa tundu.

Kipande kinachokatwa kiwe katikati ya magurudumu ya mbele, chenye upana wa kama theluthi mbili za deki, na kipande kinachobaki kila upande kitoshe kushikilia mahali pa gurudumu bila kupinda. Kwenda juu, kata kutoka ukingo wa chini hadi sentimita 5 au 6, usizidi. Kisha chuma cha mviringo cha milimita 10 kikunjwe kufuata mkato na kuchomelewa juu yake, kwa sababu bati lililokatwa bila kuimarishwa hutetemeka, hupata ufa kwenye pembe, na ufa huo husafiri hadi pale injini inapokaa. Mwagize fundi akitunze kile kipande alichokikata na akitoboe matundu ya bolti, ili kiweze kurudishwa.

Uwazi huo haupaswi kamwe kuachwa mtupu. Kisu cha sentimita 53 kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika kina ncha inayokwenda mita 83 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 300 kwa saa, na kokoto iliyogongwa na ncha hiyo inaweza kumtoa mtu jicho. Dawa yake ni pazia la minyororo, kama lile linalotundikwa kwenye mashine kubwa za kufyeka za trekta: nyasi hupita katikati ya minyororo, mawe hugonga chuma na kuanguka. Tumia mnyororo wa milimita 6, vipande vikaribiane kiasi cha kugusana, na vitundikwe kwenye chuma kilichotokeza mbele ya deki. Hapa kuna kipimo ambacho mafundi wengi hawakifikirii. Mashine inaposonga mbele, nyasi huisukuma minyororo irudi nyuma kuelekea kisu. Kwa hiyo umbali kutoka mahali mnyororo ulipotundikwa hadi ncha ya kisu lazima uzidi urefu wa mnyororo wenyewe. Mnyororo ukiwa wa sentimita 9, utundike sentimita 12 au zaidi mbele ya mzunguko wa kisu. Kizungushe kisu kwa mkono, injini ikiwa haina plagi, huku ukiuvuta kila mnyororo nyuma kadiri unavyofika, ndipo utulie.

Njia ya kutokea ni rahisi zaidi. Ondoa mfuko wa kukusanyia nyasi, ondoa kizibo kinachozirudisha nyasi chini ya kisu ili zikatwe tena, na uache mlango wa pembeni ufanye kazi. Nyasi nzito zinazorudi chini ya kisu mara ya pili na ya tatu ndizo zinazoisonga injini, hasa zikiwa na unyevu. Ule ubao wa kuelekeza nyasi chini kwenye mlango wa pembeni usiuondoe, hata kama unakuudhi kwa kuziba mara kwa mara, kwa sababu mlangoni ndipo vitu hutoka kwa nguvu kuliko mahali pengine popote. Kwangua uchafu ulioganda ndani ya deki kila baada ya kazi, jambo ambalo faida yake huonekana kesho yake asubuhi.

Magurudumu ni suala la udongo wako. Upande wa Karen udongo ni mwekundu na hukauka haraka, lakini Ruai, Njiru na Embakasi ni mfinyanzi mweusi, na magurudumu membamba ya plastiki huzama humo na kujaa tope mpaka hayazunguki. Magurudumu ya hewa ya troli, yale ya inchi 10, yanapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na yanafaa sana nyuma. Kumbuka hesabu yake: kipenyo kikiongezeka sentimita 6, ekseli hupanda sentimita 3 tu. Ukiinua nyuma pekee, deki itaelekeza pua chini na kuharibu yote uliyoyafanya mbele, hivyo sehemu ya mbele nayo ishushiwe matundu ya ekseli kwa bamba la chuma, mpaka deki ikae sawa au mbele ipande kwa sentimita moja hivi. Kwa mpito wa kwanza ninapendelea kisu kiwe sentimita 10 hadi 12 kutoka ardhini.

Kuhusu kisu, watu huuliza kama wabadilishe kile cha kawaida kwa sahani yenye visu vinavyoning'inia, kama zilivyo mashine za kufyekea vichaka. Kwa mashine ya kusukuma mimi sishauri. Injini nyingi za aina hii zina gurudumu tegemeo jepesi, yaani lile gurudumu la injini linalotunza mwendo wake, na hutegemea uzito wa kisu kilichokazwa ili ziwake na kuzunguka sawasawa. Sahani iliyotengenezwa kwa kukadiria hubadilisha uzito huo na huleta mtetemo unaokula beringi. Baki na kisu kigumu cha asili, chenye mikia iliyoinuka kiasi. Kinolewe kwa tupa au kwa grinda taratibu, kwa pembe ya kama digrii 30, bila kuacha chuma kigeuke rangi ya buluu, kwa maana rangi hiyo inaonyesha ugumu wake umepotea. Baadaye kitundike kwenye msumari kupitia tundu lake la katikati. Upande unaozama uendelee kunolewa mpaka kikae mlalo. Kisu chenye ufa hakichomelewi. Kinatupwa, na kinachoingia mahali pake kiwe kipya.

Nimeiacha injini mwisho kwa makusudi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Mashine iliyoandikwa nguvu 5 za farasi kwenye boksi hufanya kazi hapa kana kwamba ina 4 na kidogo, wakati Mombasa ingetoa karibu zote. Hewa nyepesi pia huifanya petroli iwe nyingi mno kwa hewa iliyopo, plagi ikawa nyeusi kwa masizi. Kabureta nyingi zinaweza kuwekewa jeti ndogo, yaani kitundu kinachopitisha petroli, ya maeneo ya miinuko, nayo ni rekebisho halali linalostahili gharama yake. Safisha chujio la hewa mara kwa mara kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu nyasi ndefu zilizokomaa hutoa mbegu na vumbi jingi, na uondoe mbegu zilizoziba wavu ulio juu ya injini, ambapo hewa ya kupoza huingilia.

Gavana la injini, yaani kifaa kinachodhibiti kasi yake, lisiguswe. Wapo mafundi watakaolivuta springi ili injini izunguke haraka zaidi, na kwa dakika chache itaonekana kweli imepata nguvu. Kanuni za usalama za Marekani zinaweka mwisho wa kasi ya ncha ya kisu kuwa kama mita 96.5 kwa sekunde. Kisu kile cha sentimita 53 kikifikishwa mizunguko 3,600 kwa dakika, ncha inakaribia mita 100. Hapo hujaongeza uwezo wa kukata nyasi nzito kwa kiasi cha maana, ila umeongeza nguvu inayojaribu kukirarua kisu chenyewe. Vivyo hivyo usifunge kwa kamba ule mkono unaozima injini unapouachilia.

Ukianza kukata, subiri umande ukauke, yaani kama saa nne asubuhi au baadaye. Ingiza nusu tu ya upana wa deki kwenye nyasi ambazo hazijakatwa, ile nusu nyingine ipite palipokwisha kukatwa, na uelekeze mlango wa pembeni kwenye upande uliosafishwa. Sikiliza injini, sauti ikianza kuzama, simama au rudi hatua moja mpaka ipande tena, usisubiri izime. Vaa buti zenye chuma vidoleni, miwani ya kinga na vizibo vya masikio, na mtu yeyote akae angalau mita 15 mbali, hasa watoto ambao huvutwa na kelele. Mashine ikigonga kitu kisha ikakataa kuwaka au ikaivuta kwa nguvu kamba ya kuwashia mkononi, huenda ule ufunguo mdogo wa chuma laini unaoshikilia gurudumu tegemeo umekatika, kama ulivyokusudiwa kufanya ili kulinda mhimili. Badilisha ufunguo huo, na ukague kama mhimili umepinda kabla ya kuwasha tena.

Baada ya siku kadhaa rudia kwa kimo cha chini zaidi, ukiondoa si zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kila mara. Nyasi za kikuyu zilizoachwa muda mrefu hubaki na rangi ya majani makavu kwa wiki kadhaa, kwa kuwa sehemu ya kijani yote ilikuwa juu. Zitachipua kutoka kwenye matawi yatambaayo, mradi hazikukwanguliwa hadi udongoni. Zikishatulia na kuwa bustani ya kawaida, rudisha kile kipande cha mbele na ukikaze kwa bolti zake, kwa sababu deki iliyo wazi haizivuti vizuri nyasi fupi wala haijazi mfuko, na hakuna sababu ya kuendelea kusukuma mashine yenye uwazi wa mbele mahali ambapo watu wanatembea.