Barua kwa mwanangu: kuhusu mwenzenu aliyeikimbilia shule

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili, na jana jioni nikamsomea baba yako ile sehemu yenye swali. Unasema kwamba ninyi mliomaliza kidato cha nne pamoja mmechanga fedha ili kumuenzi mwenzenu aliyekuwa akiikimbilia shule mbio za mita elfu tano na mbio za nyika, na kwamba sasa mmegawanyika. Wapo wanaotaka jiwe kubwa lenye jina lake lijengwe langoni, wapo wanaotaka apelekewe fedha zote nyumbani kwa sababu mambo hayajamwendea vizuri tangu kano ya kisigino ilipomharibikia, na wapo wanaosema msubiri, kwa kuwa hakuwahi kuvaa jezi ya taifa, na tena mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Unaniuliza, kama mama yako na kama mwalimu mstaafu, mfuate njia ipi.

Nitaanza na hao wanaosema msubiri, kwa sababu ndio ninaowaogopa zaidi. Tarehe 6 Februari 2024 Shirikisho la Riadha Duniani liliidhinisha rasmi rekodi ya dunia ya marathoni ya Mkenya mwenzetu Kelvin Kiptum, ile ya saa 2, dakika 0 na sekunde 35 aliyoiweka Chicago tarehe 8 Oktoba 2023. Siku tano baadaye, usiku wa tarehe 11, gari lake lilipata ajali karibu na Kaptagat, akafariki pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana, mwana wa Rwanda. Alikuwa na umri wa miaka 24, na katika maisha yake alikuwa amekimbia marathoni tatu tu: Valencia, London na Chicago, na zote alishinda. Rais aliagiza familia yake ijengewe nyumba kwa muda wa siku saba. Nyumba ile ni jambo jema, na wajane na watoto wanahitaji paa, lakini kila ninapopita barabara ile ya Kaptagat huwaza kwamba karibu yote mazuri tuliyosema juu ya kijana yule tuliyasema akiwa hasikii. Mwenzenu yuko hai, ana masikio, na kwao ni mwendo wa saa mbili kutoka shuleni.

Kuhusu methali ya mgema, waambie wenzako kwamba huyo ni mtu anayesifiwa kwa kazi ambayo bado anaifanya, na hofu ni kwamba ataiharibu. Mwenzenu alishamaliza kazi yake. Tembo lilishanyweka miaka ishirini iliyopita, nanyi mnajua lilikuwa na ladha gani.

Sasa nije kwenye hoja ya jezi ya taifa. Bila shaka unakumbuka tulipokupeleka Iten ukiwa darasa la sita, ukalalamika njia nzima kwamba kuna baridi. Tuliingia katika shule ya wavulana ya St. Patrick's, nawe ukakimbilia kwenye miti yenye vibao, ukawa unasoma majina kwa sauti. Mahali pale huheshimu wanariadha wake kwa kupanda mti kwa ajili ya mwanafunzi wa zamani aliyefika kileleni, na jina lake huandikwa hapo. Mmoja wao ni Peter Rono. Kijana yule alikwenda kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 akiwa na miaka 21, na wengi waliotazama fainali ya mita 1,500 walikuwa wakimtazama Mwingereza Steve Cram. Rono alishika uongozi, akaung'ang'ania, akawa anageuza shingo kuangalia nyuma katika mita za mwisho, akafika wa kwanza kwa dakika 3 na sekunde 35.96. Baada ya hapo majeraha yalimwandama, na hakushinda tena shindano la ukubwa ule. Mti wake haukung'olewa kwa sababu hiyo. Wavulana wa Iten hupita karibu nao wakienda darasani, na hakuna anayemwuliza alishinda mara ngapi.

Najua utaniambia kwamba hata hivyo Rono alipata dhahabu ya Olimpiki, na mwenzenu hakupita mashindano ya shule za sekondari ya mkoa. Ni kweli. Lakini tazama miti ile ilivyoanza. Bradha Colm O'Connell, mtawa wa Kikatoliki, alifika Iten kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila mafunzo yoyote ya ukocha, akajifunza kazi kwa kuwatazama wanafunzi wake wakikimbia. Shule haikuanza kwa kuwatafuta mabingwa wa dunia. Ilianza kwa kuwatambua watoto iliokuwa nao. Ibrahim Hussein, aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York mwaka 1987, alikuwa kwanza mwanafunzi wa pale mwenye sare kama wengine. Shule humheshimu mtu kwa kile alichokuwa kwayo, na kipimo hicho mnacho ninyi wenyewe. Msikiazime kutoka kwa Shirikisho la Riadha.

Basi niruhusu nikukumbushe alichokuwa kwenu, maana mimi nilikuwepo, na sidhani kama ulikiona, kwa kuwa siku ile ulikuwa mgonjwa bwenini. Ilikuwa mbio za nyika, kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Unajua kwamba katika mbio za nyika shule haihesabiwi kwa mkimbiaji wake wa mbele peke yake. Nafasi za wakimbiaji wake hujumlishwa, na yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda, kwa hiyo mtoto anayejikokota katika nafasi ya thelathini anaweza kuinyima shule ushindi au kuipa. Mwenzenu alifika wa pili, miguu mitupu, matope hadi magotini. Wengine waliofika walijitupa chini. Yeye hakugusa maji. Alirudi akichechemea nje ya kamba, akaenda mpaka kwenye ule mteremko wa mwisho, akasimama pale akiwaita wenzake kwa majina, mmoja mmoja, mpaka yule mdogo wa kidato cha kwanza alipopita akilia. Shule yenu ilishinda siku ile kwa pointi chache sana. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule nyingine, na watoto wangu ndio walioshindwa, lakini nilikwenda kumshika mkono.

Jambo hilo ndilo liandikwe. Msiandike "shujaa wetu" wala "fahari ya taifa", maneno ambayo yangeweza kubandikwa kwa mtu yeyote. Andikeni majina yake yote matatu, kwa sababu kijijini kwao wapo wengi wenye jina la kwanza kama lake. Andikeni miaka aliyosoma pale, mbio alizokimbia, na kwamba alirudi kuwaita wenzake. Mtoto wa leo akisoma hayo atajua la kufanya Jumamosi ijayo atakapomaliza mbio.

Jiwe la langoni silipendi. Langoni hupita magari ya wageni, na jiwe kubwa litawapendeza zaidi ninyi mliolichangia kuliko watoto wanaokimbia. Pandeni mti kando ya uwanja, mahali wanapovulia viatu, na uwe mtarakwa, ule ule ambao babu yako alikuwa akiuchonga nguzo za ua. Hukua polepole, nao huvumilia baridi na jua la huku kwetu. Aupande yeye mwenyewe kwa mikono yake, asipandiwe. Na msimweke asubuhi nzima jukwaani akisubiri wanasiasa wamalize hotuba. Mpeni nafasi kukaa na wakimbiaji wa sasa nusu saa bila ninyi.

Hoja ya kumpelekea fedha ndiyo iliyonikosesha usingizi, kwa kuwa inatoka kwenye moyo mwema. Kumheshimu na kumsaidia ni mambo mawili, nami nakusihi msiyachanganye katika siku moja. Nimewahi kuhudhuria sherehe, sitasema wapi, ambapo mwanariadha mstaafu aliitwa mbele ya watu, akasifiwa, kisha akakabidhiwa magodoro mawili na unga huku akipigwa picha. Nilimwona anavyotazama chini. Alikuja akiwa mkimbiaji, akaondoka akiwa maskini wa kijiji, na watoto wake walikuwepo. Ikiwa mwenzenu anahitaji msaada, na huenda anahitaji, wewe na mwenzako mmoja tu aliyekaa naye dawati moja mwendeeni kimya kimya, wiki kadhaa kabla au baada, mkae, mnywe chai, mmsikilize kwanza. Inawezekana asitake fedha kabisa. Labda anataka daktari mzuri wa ile kano, au karo ya mtoto wake wa kwanza, au kazi ya kuwafundisha watoto mbio, ambayo mimi naamini angeifanya vizuri kuliko wengi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Mtakalompa lisitajwe kwenye sherehe wala kwenye kibao.

Fedha zitakazobaki, nunueni viatu vya mbio vya saizi mbalimbali viwe mali ya shule, na mlipie nauli ya timu kwenda mashindano kwa mwaka mmoja. Nimewaona watoto wengi wakikosa kukimbia kwa sababu ya nauli.

Kabla ya yote hayo, mwulizeni kama anakubali. Akikataa, mwache, akisema apewe muda, mpeni. Baba yako anasema akikubali basi tutakuja sote wawili, hata kama goti lake litakuwa linamsumbua. Nitabeba miche mitatu ya mtarakwa kutoka kwenye kitalu changu, kwa sababu mmoja unaweza kufa kiangazi cha kwanza, na sitaki shule impigie simu baadaye kumwambia mti wake umekauka. Nijulishe tarehe mapema ili nianze kuizoesha jua.

Ni mimi mama yako, nikupendaye.