Figo za Mzee Zikishuka Ghafla, Anza na Mfuko wa Dawa

Ujumbe ulioingia juzi ulikuwa mfupi. Mama, miaka 74, ana presha na sukari, ameharisha siku nne. Kreatini (taka ya mwili inayopimwa kwenye damu, ikipanda ujue figo hazichuji vizuri) imesoma 3.8, na mwezi wa tatu ilikuwa 1.1. Mwishoni swali: "Nimnunulie dawa gani ya kusafisha figo?"

Hakuna. Naomba tuanzie hapo, maana swali hili haliishi, na mara nyingi linapofika kwangu tayari kuna mtu amekwisha kulijibu kwa chupa ya mizizi ya bei mbaya. Figo iliyoshuka ghafla haihitaji kuongezewa dawa. Inahitaji kuondolewa kile kinachoipiga, na mara nyingi kinachoipiga kimo ndani ya mfuko wa dawa ulioning'inia msumarini chumbani kwa mzee.

Kabla ya mfuko, tafuta karatasi ya zamani. Kipimo kimoja cha kreatini hakisemi kama figo zimeshuka wiki hii au zimekuwa zikichakaa miaka kumi. Madaktari wanaita ni ghafla pale kreatini inapopanda kwa miligramu 0.3 kwa desilita ndani ya saa 48, au inapofika mara moja na nusu ya ile ya zamani ndani ya siku 7, au mkojo unapopungua chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya mwili kwa saa, kwa saa 6 mfululizo. Angalia pia maabara wametumia kipimo gani. Wapo wanaoandika miligramu kwa desilita, wapo wanaoandika mikromoli kwa lita, na namba ya kwanza ukiizidisha kwa 88.4 unapata ya pili. Mtu akihama maabara, 1.1 inageuka 97 na nyumba nzima inalia bure.

Na usidanganyike na neno "kawaida" lililochapwa pembeni. Kreatini inatoka kwenye misuli, na mzee misuli imekwisha. Kwa hesabu inayotumika tangu 2021, kreatini ya 1.2 kwa kijana wa kiume wa miaka 25 ni uwezo wa figo (eGFR kwenye karatasi, mililita kwa dakika) wa karibu 86. Namba hiyohiyo kwa bibi wa miaka 75 ni karibu 47. Tena hesabu hiyo inafaa pale tu kreatini ikiwa imetulia. Ikiwa bado inapanda kila siku, ule uwezo uliochapwa kwenye karatasi ni wa kukufariji tu, hali halisi iko chini zaidi.

Sasa mwaga mfuko wa dawa kitandani, wote, pamoja na vile vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi. Unachotafuta ni vitu vitatu vilivyokutana. Cha kwanza ni dawa ya presha ya jamii ya losartan au enalapril. Cha pili ni kidonge cha kukojoza, kama furosemide au hydrochlorothiazide, ambacho mara nyingi kimechanganywa ndani ya kidonge cha presha na mwenyewe hajui. Cha tatu ni dawa ya maumivu: diclofenac, ibuprofen, meloxicam, piroxicam, indomethacin. Geuza karatasi ya vidonge usome mgongoni, jina halisi la dawa huwa limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la biashara. Diclofenac ina sura nyingi sana. Iko kwenye sindano ya mgongo, iko kwenye kidonge kilichochanganywa na paracetamol, na muuzaji dukani anaweza kukwambia "hii ni ya viungo tu."

Ubaya wa hawa watatu kukutana ni huu. Kila kichujio cha figo kina mshipa mdogo wa kuingiza damu na mshipa mdogo wa kuitoa, na kazi ya kuchuja inategemea msukumo uliopo katikati. Dawa ya maumivu inabana mlango wa kuingilia. Losartan inalegeza mlango wa kutokea. Kidonge cha kukojoza kinapunguza maji ya mwili, na kuharisha kunamalizia yaliyobaki. Msukumo unaisha, figo inaacha kuchuja. Haijaoza, imekosa damu. Ndiyo maana nyingi za aina hii zinarudi zikiwahiwa, na zikicheleweshwa siku kadhaa chembe zake zinaanza kufa kweli.

Kwa hiyo dawa ya maumivu inaachwa leo, na kwa mzee ambaye figo zilishawahi kushuka sioni sababu ya kuirudisha. Apewe paracetamol, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, visizidi sita kwa siku. Losartan na enalapril ni habari nyingine. Siku za afya zinalinda figo, hasa za mwenye sukari, kwa hiyo usizitupe. Zinasimamishwa siku ambazo mzee anatapika, anaharisha au ana homa na hawezi kunywa, pamoja na kidonge cha kukojoza na metformin ya sukari, kisha zinarudishwa akishakula na kunywa vizuri kwa saa 24 hadi 48. Lakini kama figo zimekwisha kuonekana zimeshuka kwenye vipimo, siku ya kurudisha anaitaja daktari baada ya kipimo kingine. Mwenye moyo uliochoka asisimamishe kitu bila kupiga simu kliniki. Na dawa za kifafa, za VVU na steroidi za muda mrefu hazikatizwi kienyeji hata siku moja.

Kwenye sukari kuna mtego ambao watu wengi hawaujui. Figo ndizo zinazoondoa sehemu kubwa ya insulini mwilini, na zikishuka insulini inakaa muda mrefu. Kidonge cha sukari cha glibenclamide nacho hivyohivyo. Familia inafurahi kuona sukari imeshuka yenyewe, kumbe mzee atapoteza fahamu alfajiri. Pima mara nne kwa siku, ikiwa chini ya 4 (milimoli kwa lita) mpe sukari au soda yenye sukari papo hapo, halafu dozi ikapunguzwe. Insulini yenyewe haiachwi kwa kukisia.

Mengine ya kuuliza: sindano za antibiotiki ya gentamicin wiki mbili zilizopita, kipimo cha CT kilichochomwa dawa ya rangi mshipani, na mizizi. Watu wa Pwani nao niwaambie jambo moja kuhusu mbirimbi, lile tunda chachu. Kipande kwenye mchuzi au achari si tatizo kwa mtu mzima wa afya, lakini kukamua glasi nzima ya juisi yake "kushusha mafuta" ni hatari, kwa sababu asidi iliyomo inajenga vipande vidogo kama vioo ndani ya figo. Kule Kerala, India, madaktari walieleza mwaka 2013 watu 10 walioharibika figo kwa juisi hiyo, na baadhi yao wakafikia kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Mwenye figo dhaifu aachane nayo kabisa.

Tuje kwenye maji, maana ndipo ushauri wa mitaani unapoua. "Anywe lita tano azisafishe." Mzee aliyeharisha, ulimi mkavu, kizunguzungu akisimama, huyo anahitaji maji kweli. Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja kamili ya maji safi (pakiti nyingi ni za lita moja, soma yake), si kwenye glasi, na glasi moja taratibu kila baada ya choo. Akitapika subiri dakika kumi, uanze tena kwa kijiko. Lakini mzee aliyevimba miguu, anayekosa pumzi akilala chali, huyo amejaa tayari, na kila lita unayomnywesha inaingia kwenye mapafu. Mkojo ukibaki mdogo hata baada ya maji kurudishwa, kanuni inayotumika wodini ni mkojo wa jana kuongeza mililita 500. Alikojoa 400, leo anapata 900, na humo hesabu uji, chai, mchuzi na maji ya kumezea dawa. Kiu ikimsumbua asukutue au anyonye kipande cha barafu.

Mkojo upimwe, usikadiriwe. Chukua jagi la plastiki lenye alama. Mkojo wa kwanza wa asubuhi umwage, andika saa, kisha kusanya kila kinachotoka mpaka na wa kwanza wa kesho yake. Mtu wa kilo 60 akitoa chini ya 720 kwa saa 24 yuko kwenye eneo la hatari. Mzani uwe kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, nguo zilezile. Kilo moja iliyopanda kwa usiku mmoja ni lita moja ya maji, hakuna mtu anayenenepa kilo kwa usiku.

Kwa wanaume wazee, kabla ya kulaumu figo, gusa tumbo chini ya kitovu. Tezi dume ikiziba njia, kibofu kinajaa na mkojo unaobaki unavuja kidogo kidogo, kwa hiyo mzee anakwambia "mbona nakojoa kila saa." Anamwagika, hakojoi. Ukigusa utakuta kitu kimeinuka kama bakuli lililofunikwa, wakati mwingine bila maumivu yoyote. Vidonge vya mafua na choo kigumu vinaweza kumfikisha huko kwa siku mbili. Mpira wa mkojo ukiwekwa unaweza kutoa zaidi ya lita moja hapohapo, na hapa watu wanakosea tena: wanashangilia wanaondoka. Baada ya kuzibuliwa, figo zinaweza kumwaga zaidi ya mililita 200 kila saa, na asiporudishiwa maji na chumvi anaanguka. Akae aangaliwe usiku huo. Kwa mama, altrasaundi iangalie pia mlango wa kizazi, saratani ya huko inaweza kubana mirija yote miwili inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo.

Potasiamu, madini yanayojazana kwenye damu figo zikishuka, ndiyo inayoua haraka, na haina dalili za kuaminika. Kawaida ni 3.5 hadi 5.0. Ikifika 6.5 ni dharura ya moyo, anatakiwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) saa hiyohiyo. Jirani mwema anamletea mgonjwa madafu, na madafu yamejaa potasiamu. Ndizi, parachichi, maji ya machungwa, nyanya ya kopo na mchicha visubiri. "Chumvi ya wagonjwa wa presha" isomwe: ikiandikwa potassium chloride, iondoke jikoni. Viazi na muhogo vimenye, katakata vipande vyembamba, chemsha kwenye maji mengi, mwaga maji yote, ndipo uvipike. Kuoka au kupika kwa mvuke hakutoi kitu. Na kama namba imekuja kubwa ilhali damu ilivutwa kwa shida, irudiwe haraka, maana chembe zikipasuka ndani ya chupa potasiamu inapanda kwa uongo. Wakati wa kusubiri, ECG ifanywe.

Hospitalini omba vitu vinne na uondoke na nakala: potasiamu, kreatini, kipimo cha mkojo cha protini na damu, na altrasaundi. Figo za mtu mzima huwa karibu sentimita 10 hadi 12. Zikiwa chini ya 9 zote mbili, tatizo si la wiki hii peke yake. Damu na protini nyingi kwenye mkojo bila kuharisha wala dawa ya maumivu inaweza kumaanisha vichujio vyenyewe vinashambuliwa, na hapo daktari wa figo anahitajika ndani ya siku chache.

Kuhusu mashine, kreatini peke yake haimpeleki mtu kule. Kinachompeleka ni potasiamu isiyoshuka, maji kwenye mapafu, damu kuwa na asidi nyingi, au kuchanganyikiwa kwa sababu ya sumu. Kwa aliyeshuka ghafla inaweza kuwa ya siku au wiki chache kupitia mpira wa shingoni, kwa hiyo msikatae kwa kudhani "akianza haachi."

Akitoka salama, kipimo kirudiwe baada ya wiki moja au mbili, halafu baada ya miezi mitatu. Kreatini itakayotulia hapo, hata ikiwa 1.6 badala ya 1.1, ndiyo namba yake mpya. Iandike kwa kalamu nene juu ya kadi ya kliniki, pamoja na tarehe na maneno "asipewe diclofenac", ili muuzaji wa duka la dawa aione kabla ya kufungua droo.