Krismasi Imepita, Kiu Imebaki

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Juzi dada mmoja ameniandikia ujumbe ambao sijaacha kuuwaza: "Mkesha wa Krismasi nililia kwa furaha kanisani. Sasa nikipiga magoti maneno hayaji. Je, nimerudi nyuma?"

Hapana, dada yangu, hujarudi nyuma. Nalijua hilo kwa sababu nimepita humo.

Mimi ni mwanakwaya tangu ujana. Kuna mwaka tulijiandaa kwa Krismasi kuliko miaka yote, mazoezi hadi usiku, na siku ilipofika tuliimba mpaka watu wakasimama. Januari ilipoingia nikawa mkavu kabisa. Nikamweleza kiongozi mmoja niliyemwamini, naye akanijibu mbele za watu kwamba lazima nina dhambi niliyoificha. Miaka imepita, lakini neno lile bado linaniuma. Kwa muda mrefu sikumwambia mtu yeyote habari za moyo wangu.

Kilichoniinua ni kuendelea kusoma pale ambapo wengi hufunga Biblia. Luka sura ya 2 haiishii horini. Wachungaji wanarudi wakimsifu Mungu, warudi kwenye kondoo walewale na malaika hawapo tena. Yusufu na Mariamu wanakwenda hekaluni na sadaka ya ndege wawili, sadaka ambayo torati iliwaruhusu wasioweza kumpata mwana-kondoo. Simeoni, mcha Mungu wa Yerusalemu, anambeba mtoto Yesu, anamshukuru Mungu, kisha anamwambia mama mzazi kwamba upanga utaingia moyoni mwake. Hayo hatuyaimbi sana.

Halafu yupo Ana, nabii mwanamke, na huyu ndiye aliyenishika. Aliolewa, akakaa na mume miaka 7 tu, akabaki mjane mpaka uzee. Luka anataja miaka 84. Hatuambiwi kwamba alitokewa na malaika wala kwamba aliona nyota. Tunaambiwa alikuwa haondoki hekaluni, akifunga na kuomba usiku na mchana. Fikiria siku zote zile ambazo hakuna cha pekee kilichotokea! Siku mtoto alipoletwa, Ana hakuhitaji kuitwa. Alikuwa pale.

Nikaamua kuwa pale. Nilinunua daftari dogo, kila asubuhi kabla ya kushika simu nikaandika mstari mmoja ulionigusa na jambo moja la kumwambia Mungu. Zipo kurasa zimeandikwa tu: "Bwana, leo sina neno." Nazo nilizihesabu kuwa sala. Kiu ilirudi polepole, bila machozi wala kelele, na leo namshukuru Mungu kwamba naongoza kikundi cha maombi. Baadhi ya walionisikia nikiaibishwa siku ile huja kuniomba niwaombee.

Kwa hiyo ndugu yangu, acha kukimbiza hisia za mkesha. Hisia ni zawadi, zipokee zikija, ila usizifanye kipimo cha wokovu wako. Luka ina sura 24; soma moja kwa siku na utaimaliza kabla mwezi haujaisha. Ukitaka fupi zaidi, Marko ina sura 16 na haina habari za horini hata kidogo, inaanza moja kwa moja na Yohana Mbatizaji jangwani na wito wa kutubu. Soma, omba, rudi kesho yake. Usipojisikia, rudi vilevile. Mungu haangalii sauti yako ilivyopanda juu siku ya sikukuu!

Na tafuta mtu mmoja wa kuomba naye, mtu anayejua kusikiliza kabla ya kukemea. Akikuhukumu wa kwanza, usimwache Mungu kwa sababu yake. Nenda kwa mwingine. Mimi nilimpata mama mmoja mzee ambaye hakuniuliza dhambi yangu ni ipi. Aliniuliza tu tukutane saa ngapi, na tangu hapo tumekuwa tukiomba pamoja.