Kigari cha gofu cha kwenye mbio: petroli au umeme? Kwanza niambie unavuta nini

Kila msimu wa mbio za dragi, zile za magari mawili kushindana kwenye njia fupi iliyonyooka, ukikaribia huku Marekani naulizwa swali lilelile na Waswahili wenzangu ambao wao au watoto wao wanakimbiza magari, ninunue kigari cha gofu cha petroli au cha umeme? Mi niko North Carolina, kwenye timu ya jirani yangu anayekimbiza Camaro ya zamani, na kazi yangu kubwa pitini, yaani pale timu zinapopaki na kutengeneza magari, ni hicho kigari, mi ndo navuta gari kulipeleka foleni na kulirudisha, kwa hiyo nitakayosema hapa yanatoka kwenye usukani na sio kwenye matangazo ya wauzaji.

Kwa ambaye hajawahi kufika, uwanja wa dragi ni mkubwa kuliko unavyouona kwenye video. Chukua zMAX Dragway ya Concord, iliyofunguliwa 2008, ina njia nne za mbio badala ya mbili za kawaida, sasa fikiria eneo la kupaki timu zote hizo na matrela yao. Gari inakimbia mita 402, au nusu yake, afu inaishia kule mwisho kabisa na wewe uko huku. Na gari nyingi za aina hii hazina hata alternata ya kuchaji betri injini ikiwaka, zinakula betri tu, kwa hiyo hutaki injini iwake bure inapanda joto wakati mnasubiri foleni. Unaizima, unaifunga nyuma ya kigari, unaivuta. Mbali na hapo kigari kinabeba matairi, petroli, watoto, maji ya kunywa, na kinakimbilia spea kwa jirani mambo yakiharibika.

Sasa watu wengi wanadhani cha umeme hakina nguvu. Sio kweli kabisa. Mota ya umeme inatoa nguvu yake yote tangu tairi halijazunguka, ukikanyaga tu kinaondoka na gari nyuma bila kusitasita, asubuhi utakipenda mno. Tatizo ni jioni.

Mashindano tunayokimbia sisi ni yale ambayo kila dereva anaandika kwenye kioo muda anaotarajia kukimbia, mwenye gari la polepole anaruhusiwa kutangulia, na anayeshindwa anafunga mizigo. Maana yake ni kwamba kila raundi magari yanapungua nusu, 64 yanakuwa 32, 32 yanakuwa 16, na kadiri yanavyopungua ndivyo muda kati ya raundi na raundi unavyobana. Asubuhi una nafasi ya kula na kupiga stori, ila mkibaki magari manane unarudi pitini, hujafungua hata boneti vizuri mnaitwa tena. Yaani kigari kinafanya kazi nzito zaidi, tena mfululizo, kwenye saa ambayo betri imechoka zaidi kuliko wakati wowote wa siku. Hili ndo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote, usipime kigari kwa saa nne asubuhi, kipime kwa raundi za mwisho.

Nimeshakaa kwenye kigari cha umeme cha volti 36, betri za maji za zamani kidogo, navuta gari zima kupanda kimlima kidogo cha njia ya kurudia jua limeshazama. Mguu uko chini mpaka mwisho, kinaenda mwendo wa mtu anayetembea, tena mtoto mdogo, taa za mbele zinafifia kila ninapokanyaga, na chini ya kiti kuna joto linapanda na harufu ya plastiki iliyochemka. Hapo mota na kontrola, kile kifaa kinachopima umeme wa kwenda kwenye mota, zinavuta ampia nyingi sana kwa mwendo mdogo sana, na hakuna kitu kinachoumiza mota ya umeme kama mzigo mzito kwa mwendo wa kobe. Tukasukuma kwa mikono, na raundi iliyofuata tukaomba timu ya jirani watuvute.

Utasema si mngechaji mchana? Mtachaji kwa umeme gani sasa? Viwanja vingi ukipaki pitini hupati umeme, ni jenereta yako. Chaja ya kigari cha volti 48 inakula karibu wati elfu moja, na jenereta ndogo ya mkononi ambayo wengi tunayo inatoa kama 1,800 hivi kwa kazi ya mfululizo. Hiyohiyo jenereta inatakiwa ichaji betri ya gari la mbio, izungushe feni na pampu ya maji kupoza injini kati ya raundi, na kama kuna watu wanapumzika kwenye trela wanataka kiyoyozi. Kati ya gari la mbio na kigari unajua nani atachomolewa. Na betri za maji hazijai kwa nusu saa, zinataka usiku kucha.

Cha petroli hakina maneno hayo. Dumu la lita chache linakufikisha mpaka fainali na nguvu yake jioni ni ileile ya asubuhi. Kwa hiyo kama unavuta gari zima, lenye bodi na injini ya V8, mchana kutwa, na huna umeme wa uhakika pale ulipopaki, nunua cha petroli. Simung'unyi maneno.

Ila ujue unachokichukua. Vingi injini inazima kila ukiachia pedali na inawaka tena ukikanyaga, sasa kwenye foleni ya kusogea mita mbili mita mbili, kila kusogea kuna kamtikisiko, kamba ikiwa imelegea unasikia gari linashtuka nyuma yako na dereva naye anashtuka, na mkanda wa kuendeshea kigari unalika. Dawa ni kutumia chuma cha kuvutia badala ya kamba, halafu kanyaga polepole mpaka kinyooke. Kelele nayo isidharauliwe, kwa sababu mwito wa kundi lenu unatoka kwenye spika za uwanja na ukikupita siku imeisha, mimi nikishapaki nazima na kusikiliza. Halafu mafuta: weka petroli ya kawaida ya kituo cha mafuta, sio ile ya mbio yenye madini ya risasi na wala sio methanoli, hata kama dumu liko karibu. Petroli ya huku kwa kawaida ina ethanoli, ukiiacha kwenye kabureta majira yote ya baridi inakuwa gundi, kwa hiyo kabla ya kukiweka stoo imalize au utie dawa ya kuitunza. Na kama kuna watu wanalala kwenye trela, kigari cha petroli kilale nje, na kisiwashwe ndani ya trela iliyofungwa hata dakika moja, ule moshi una gesi inayoua bila hata harufu ya kukuamsha.

Cha umeme kinashinda wapi? Kwa familia zenye watoto wa Junior Dragster, yaani mbio za dragi za watoto, sina hata swali, chukueni cha umeme. Wale watoto wanaanzia miaka 5 mpaka 17, vigari vyao vya mbio ni vyepesi, injini ndogo ya silinda moja, kukivuta ni kazi nyepesi ambayo betri nzima zinaimudu siku nzima. Kimya chake kinasaidia pia, mama anaweza kuongea na mtoto aliyevaa helmeti wakiwa kwenye foleni, amtulize, amkumbushe kuangalia taa za kuondokea. Kimya hichohicho ni hatari kwa wanaotembea pitini kwa sababu hawakusikii ukija, mwendo uwe mdogo. Kwenye viwanja vingi hakuna kumwachia mtoto usukani wa kigari kama hana leseni ya kuendesha, muulize wa getini kabla hujashusha.

Cha umeme kinafaa pia kwa anayelipia sehemu yenye soketi usiku, anachaji akilala, na kwa anayetumia kigari kwa mizunguko tu huku gari lake linarudi lenyewe pitini.

Lithiamu imebadilisha mambo kidogo. Betri sita za maji zina uzito wa kama kilo 170, ukiweka lithiamu unapunguza zaidi ya kilo mia moja, haitaki kuongezwa maji, na volti zake hazishuki taratibu, kinaenda vizuri mpaka karibu inaisha. Kwa mtu wa kuvuta, angalia kitu kimoja ambacho wauzaji hawakisemi mpaka uwaulize: ampia ambazo betri inaruhusu kwa mfululizo. Lithiamu ina kompyuta ndani inayokata umeme mzigo ukizidi, na ikikata katikati ya mlima na gari liko nyuma, mmesimama. Isichajiwe kukiwa na baridi ya chini ya sifuri. Bei bado iko juu, ingawa seti mpya ya betri za maji nayo mara nyingi inavuka dola elfu moja, kwa hiyo kigari cha umeme cha bei ya kutupa chenye betri zilizokufa sio cha bei ya kutupa.

Breki sasa, na hapa nawaomba sana. Vigari vingi vya gofu vina breki za nyuma tu, zimetengenezwa kusimamisha watu wawili na mabegi ya gofu, sio gari la kilo 1,400 linalosukuma kutoka nyuma kwenye mteremko. Iwe petroli iwe umeme, lazima mtu akae ndani ya gari linalovutwa, mguu kwenye breki, na mkubaliane ishara ya mkono kabla hamjaondoka.

Ukienda kuangalia cha mtumba, kwa cha umeme funua kiti kwanza. Betri za Trojan zina herufi na namba zimegongwa kwenye vichwa vyake, A ni Januari, B Februari, na namba ni tarakimu ya mwisho ya mwaka. Betri za maji zikitunzwa vizuri zinafika miaka kama mitano. Angalia sinia la chini limeliwa na asidi au bado zima, kigari cha kampuni ya Club Car fremu yake ni aluminiamu haishiki kutu lakini cha E-Z-GO ni chuma. Pima volti kikiwa kimepumzika, cha 48 kilichojaa kisome 50 na ushee, afu mpande watu wanne mtafute mlima mkiwa na mita mkononi, mkikanyaga namba ikiporomoka, betri hizo zimekwisha hata kama zimejaa.

Kwa cha petroli, epuka vile vya zamani vinavyochanganywa oili na mafuta, mfano Yamaha G1 za miaka ya 80, moshi na kelele pitini hazivumiliki. Kiwashe kikiwa baridi, muuzaji asikipashe kabla hujafika, angalia moshi wa sailensa una rangi gani, shika mkanda uone kama umepasuka pembeni au umeng'aa, halafu kanyaga na kuachia mara nyingi mfululizo kama uko foleni, kila mara kiwake bila kusuasua.