Panja zinapanda: nipandikize nywele sasa au ningoje?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 26, nauza spea za pikipiki Mwanjelwa. Panja zilianza kupanda nikiwa chuo, na sasa nikipigwa picha kwa juu, ngozi ya utosini inaonekana. Kinyozi wangu ananijazia rangi nyeusi kila wiki. Wajomba zangu wana upara, baba hana. Nimejichanga, na kliniki moja ya Istanbul imeniambia kwa WhatsApp kwamba nitapandikizwa vishina 4,000 kwa siku moja, nywele za mbele zirudi kama nilivyokuwa sekondari. Mchumba wangu anasema nisubiri. Ipi ni sahihi?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mchumba wako yuko sahihi. Fedha hiyo iache benki angalau mwaka mmoja, na mwaka huo una kazi ya kufanya.

Kwanza uelewe kinachoendelea kichwani. Mwili hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa homoni iitwayo DHT, na kwa mwenye asili ya upara homoni hiyo hudhoofisha mashina ya nywele za mbele na utosini. Kila nywele inapong'oka na kuota upya inarudi nyembamba na fupi zaidi, mpaka panabaki malaika tu. Nywele za kisogoni na juu ya masikio hazisumbuliwi hivyo, na ukizihamishia mbele zinabaki na tabia ya zilikotoka. Jambo hilo daktari wa New York, Norman Orentreich, alilichapisha mwaka 1959, na upandikizaji wote wa leo umesimama juu yake. Sasa angalia upande wa pili: nywele zako za asili ambazo bado zipo nyuma ya hizo zilizopandwa hazijapata kinga yoyote. Zitaendelea kupukutika kwa mwendo wake.

Nimemwona kijana, dereva wa malori ya Tunduma, aliyepandikizwa akiwa mdogo kuliko wewe. Alipovua marvini, mbele palikuwa na mstari mnene wa nywele ulioshuka chini kabisa, halafu ngozi tupu upana wa viganja viwili, halafu nywele za kisogoni. Kazi ya mikono ilikuwa nzuri. Ilifanywa mapema mno, na kisogo hakikuwa na nywele za kutosha kujaza pengo.

Hapo ndipo penye uzito, mwanangu. Kishina kimoja hubeba nywele 1 hadi 4, na kikishatolewa kisogoni hakioti kingine mahali pake. Nywele zetu Waafrika ni chache kwa kila sentimita ya mraba kuliko za Wazungu, ingawa kwa kujikunja zinafunika vizuri. Ukitoa 4,000 ukiwa na miaka 26, ukifika 40 utatoa wapi? Mkulima wa Uyole mwenye debe moja la mbegu za viazi hapandi kabla hajajua shamba lina ukubwa gani, na shamba lako bado linapanuka. Usiwatazame wajomba peke yao. Ni kweli jeni moja muhimu ya upara tunaipata kwa mama, lakini nyingine nyingi zinatoka pande zote mbili, kwa hiyo waulizie na babu na baba zako wakubwa.

Kazi ya mwaka huu ni kupunguza mwendo wa upara. Nenda kliniki ya ngozi hospitali ya rufaa, wahakikishe kwanza kwamba huu ni upara wa kiume na si fangasi wala ugonjwa unaoacha makovu. Ukiwa ndio, dawa za kuzungumzia ni mbili. Minoxidili ya kupaka, asilimia 5, ilianza kama kidonge cha presha. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kupukutika zaidi na watu wengi wanakata tamaa hapo. Ipe miezi 6 ndipo uihukumu. Ukiiacha, ulichopata kinaondoka ndani ya miezi michache. Ya pili ni finasteridi, miligramu 1 kwa siku, inayopunguza hiyo DHT. Zile za miligramu 5 unazoziona famasi ni za tezi dume, usizikatekate mwenyewe. Wanaume wachache wanaoitumia hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa au nguvu zake, wengine hupata huzuni. Likikutokea rudi kwa daktari, usione aibu. Na kwa kuwa unaoa, mchumba wako ajue: mwanamke mjamzito hatakiwi kushika kidonge kilichovunjika.

Piga picha kila baada ya miezi 3, dirisha lilelile, urefu uleule wa nywele, bila rangi ya kinyozi. Picha hizo ndizo zitakazokuambia kama upara umetulia.

Halafu kagua kisogo. Una vipele vigumu vinavyotokea ukinyolewa kwa mashine? Wengi wenu mnavyo na mnavizoea. Hapo ndipo nywele za kupandikiza zinapotolewa, na vipele hivyo ni dalili ya ugonjwa wa makovu. Vitibiwe kwanza. Kama ulitoboa au uliumia ukaota kovu lililovimba kupita kidonda, keloidi, mwambie daktari kabla ya kitu chochote. Tena nywele zetu zimejikunja mpaka chini ya ngozi. Kifaa cha kutobolea chenye mdomo wa takriban milimita 1 kikishuka wima, kinakata mizizi, na nywele iliyokatwa hivyo mara nyingi imekwenda. Daktari makini atakufanyia jaribio kwa kutoa vishina vichache, angoje miezi kadhaa aone vimeota na ngozi imepona vipi. Anayekuahidi 4,000 kwa picha za simu hajagusa hata kichwa chako.

Waulize nani atakayetoboa ngozi, daktari au msaidizi. Waombe picha za wenye nywele kama zako, mwaka mmoja baada ya kazi. Maana nywele zilizopandwa hudondoka kati ya wiki ya 2 na ya 4, zinaanza kuota kuanzia mwezi wa 3 au wa 4, na matokeo kamili ni kama mwezi wa 12. Uliza pia nani atakutazama kidonda kikitoa usaha ukiwa umesharudi Mbeya.

Na ile mbele ya sekondari iache. Kwa mwanaume mzima mstari unaokaa vizuri ni kama sentimita 7 hadi 9 juu ya katikati ya nyusi, panja zikiwa zimeingia ndani kidogo. Fikiria pia kwamba siku utakapotaka kunyoa kipara, vidoti vyeupe vya kisogoni vitaonekana.

SWALI: Mama yangu amesuka misuko ya kubana miaka mingi, nywele za pembeni zimeisha. Nataka kumlipia upandikizaji. Inafaa?
Msomaji, Makambako

JIBU: Inaweza kufaa kuliko kwa huyo kijana. Mvuto wa msuko ukikoma, uharibifu hauendelei. Aache kubana kabisa, na kama baada ya mwaka ngozi ya pembeni bado ni laini na tupu, nywele hizo hazirudi zenyewe na upandikizaji ni jambo la kuzungumzia. Ila muulize kama utosini pia panapungua, panawasha au panauma. Jibu likiwa ndiyo, akatwe kipande kidogo cha ngozi kipimwe kwanza, kwa sababu kuna ugonjwa wa makovu unaoanzia utosini kwa wanawake wetu, na ukipandikiza ukiwa bado unachoma, vishina vipya navyo vinakufa. Wataalamu wengi wa ngozi wa hospitali zetu wamesomea KCMC Moshi na wanaufahamu. Wigi avae, lakini lisiwe la gundi.